Laptopu ya zamani inakwama njiani kila nikisakinisha Linux

Ndugu Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wa safu hii. Nina laptopu ya zamani niliyoachiwa na kaka yangu aliponunua nyingine. Ina prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya GB 2 iliyogawanyika katika vipande viwili, na diski ya GB 160. Windows 7 iliyokuwemo ilishakuwa nzito mno. Nilisoma kwamba Linux huzifaa kompyuta za aina hii, nikaamua kumtayarishia binti yangu. Ameanza kupenda kuandika programu, na hana pa kujifunzia zaidi ya simu yangu.

Nimekwama, na sielewi nimekwama kwa lipi. Nikiwasha kwa fleshi, menyu ya Linux inatokea vizuri, lakini nikichagua kuanza, kioo kinakuwa cheusi tii. Feni inazunguka, taa ya diski inapepesa, sioni kitu kingine. Rafiki alinielekeza nichague ile njia ya akiba iliyo chini kwenye menyu, ndipo picha ikaja, ingawa maandishi ni makubwa kupita kiasi.

Kutoka hapo usakinishaji haufiki mwisho. Kuna siku ulisimama katikati, siku nyingine ukakwama mwanzoni kabisa, nyingine ukamwaga mistari mingi yenye maneno SQUASHFS error, na nyingine kipanya kiliganda tu nikalazimika kuzima kwa kitufe. Nimebadilisha aina ya Linux mara kadhaa nikidhani ile niliyochagua haipatani na mashine hii. Zote zimeishia vilevile.

Wi-Fi nayo haionekani. Ingekuwa inakataa nywila ningeelewa, ila hata orodha ya mitandao haiji, na kwenye Windows ilikuwa ikifanya kazi. Halafu betri yake imekufa, hivyo kila nikichomoa chaja saa inarudi miaka mingi nyuma.

Kaka anasema niitupe. Kinachonitia hofu zaidi ni picha za familia. Bado zimo kwenye sehemu ya Windows, maana nimekuwa nikijaribu kuweka Linux pembeni yake bila kuifuta. Je, hii mashine imekufa, au kuna kitu sikijui?

Msomaji wako

JIBU

Dada yangu,

Umefanya vizuri kutoitupa. Core 2 Duo yenye RAM hiyo inatosha kabisa kwa mtoto anayejifunza kuandika programu. Ila nakuomba sana, usifungue tena kisakinishi mpaka picha zile ziwe zimetoka humo. Miongoni mwa sababu zinazoweza kuleta kukwama unakokueleza ni diski inayokaribia kufa, na diski ya namna hiyo haipewi kazi ya kuandikwa upya kabla ya kuokoa kilichomo.

Kama Windows bado inawaka, nakili picha ukiwa humo humo. Ikikataa, washa kwa fleshi kwa ile njia ya akiba, chagua kuijaribu Linux bila kuisakinisha, kisha fungua dirisha la mafaili. Sehemu ya Windows itajitokeza pembeni; ifungue na unakili picha kwenye diski ya nje. Ikikuambia kwamba inafunguka kwa kusoma tu, usihangaike, kwa sababu hapo huhitaji zaidi ya kusoma. Faili linalogoma liache, chukua yanayokubali, urudi kwake mwishoni. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: RAM ikiwa mbovu, nakala inaweza kutoka na kasoro bila onyo lolote. Kwa hiyo zifungue picha kadhaa kwenye kompyuta nyingine uone kama ni nzima, na usiifute sehemu ya Windows hata baada ya kunakili mpaka RAM iwe imepimwa. Ikionekana ilikuwa mbovu, nakili upya ukishaitoa iliyoharibika.

Sasa tuingie kwenye ugonjwa wenyewe. Umeniandikia shida nne pamoja, na ni rahisi kudhani zina mzizi mmoja. Hazina. Kioo cheusi na Wi-Fi ni mambo ya draiva (programu zinazoendesha vifaa) na mipangilio, na karibu kila mara hutatulika. Saa ni betri ndogo. Kule kukwama katikati ndiko kutakakoamua kama mashine hii ina maisha, kwa hiyo ndiko tuanzie, hata kama kioo cheusi ndicho kilichokukera kwanza.

Katika maelezo yako kuna neno lililonisaidia kuliko mengine yote: kila mara inakwama mahali tofauti. Kosa la programu kwa kawaida hurudi pale pale, hatua ile ile, ujumbe ule ule. Linapohamahama namna hii, mshuku wa kwanza ni kitu cha kushikika: fleshi, RAM, joto au diski. Ndiyo maana kubadilisha aina ya Linux hakukusaidia. Hizo zote hutumia keneli, yaani kiini cha mfumo, inayotoka chanzo kimoja na draiva ambazo kwa sehemu kubwa ni zile zile, nazo ulizipakia juu ya RAM ile ile na diski ile ile. Chagua moja, ubaki nayo mpaka tumalize.

Anza na saa, kwa kuwa itakusumbua katika kila hatua inayofuata. Ndani ya kompyuta kuna betri ya duara, mara nyingi aina ya CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS (programu ndogo inayoamka kwanza unapowasha) umeme unapokatika. Katika laptopu nyingine huwa imefungwa kwenye kijiwaya chenye kichomeo chake, kwa hiyo itazame kwanza kabla ya kutafuta mbadala. Betri hiyo ikiisha, mpangilio wa kuanza na fleshi unaweza kupotea kila unapochomoa chaja, na pia namna ya kuisoma diski, na ukabaki unashangaa kwa nini jana ilikubali na leo imegoma. Tena tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, Linux itakataa kupakua programu, ikilalamika kwamba vyeti vya usalama bado havijaanza kutumika. Mpaka upate betri mpya, ingia BIOS uweke tarehe sahihi kwa mkono kila unapowasha, na chaja isitoke ukutani.

Halafu fleshi. Mfumo mzima ulio kwenye fleshi umebanwa ndani ya faili moja kubwa la aina ya squashfs, na kisakinishi kazi yake ni kulifungua na kulimimina kwenye diski. Kipande kimoja kikisomeka vibaya, ndipo unapoona SQUASHFS error. Kwa hiyo ujumbe ule haukuambii kwamba Linux ni mbovu. Unakuambia kwamba kilichosomwa hakilingani na kilichoandikwa. Kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, pima lile faili la ISO ulilopakua. Kwenye Windows amri ni certutil -hashfile jina.iso SHA256, na kwenye Linux ni sha256sum jina.iso. Linganisha jibu na namba iliyotangazwa na watengenezaji. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Ikilingana, liandike kwenye fleshi nyingine kabisa, na uichomeke kwenye tundu tofauti na lile ulilokuwa ukitumia.

Hapo pana kipimo ninachokipenda sana kwa sababu hakihitaji kufungua chochote. Faili lile lile lipime mara kadhaa kwenye laptopu yako yenyewe. Namba ikibadilika kutoka kipimo hadi kipimo ilhali faili halijaguswa, basi mashine haiwezi kutunza wala kusoma data kwa uaminifu, na mara nyingi mkosaji ni RAM.

RAM yenyewe ipime kwa programu ya Memtest86+. Menyu nyingi za fleshi za Linux huwa nayo. Kama yako haina, iandike kwenye fleshi ya peke yake na uwashe nayo. Iache imalize angalau mzunguko mmoja mzima, na ukiweza iache usiku kucha, kwa kuwa makosa mengine hayajitokezi mpaka mashine ipate moto. Makosa huonekana kwa rangi nyekundu. Hapa sina msamaha: hata kosa moja ni mengi. Usijiambie kwamba ni dogo, kwa sababu kosa hilo moja ndilo litakaloharibu faili la mfumo au kazi ya binti yako miezi baadaye, na hamtajua limetoka wapi.

Likitokea kosa, zima, chomoa chaja na betri kubwa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha fungua kifuniko cha RAM upande wa chini. Toa vipande vyote viwili, futa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kitambaa laini kikavu, na urudishe kimoja tu. Pima. Kisha weka cha pili peke yake, upime tena. Ukipata kimoja chenye makosa, kijaribu pia kwenye nafasi ya pili, kwa sababu wakati mwingine kipande ni kizima na nafasi ndiyo mbovu. Umebahatika kuwa na vipande viwili. Mwenye kimoja hana cha kulinganishia. Utakapotafuta kingine, soma maandishi ya kile cha zamani. Laptopu nyingi za Core 2 Duo hutumia DDR2, za mwisho mwisho zikaja na DDR3, na moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Ukipata nafasi ya kufikisha GB 4, fanya hivyo, utaona tofauti mara moja kwenye kivinjari.

Kama RAM imepita salama, geukia joto. Laptopu ya umri huu ina vumbi lililojaa kati ya feni na mapezi ya shaba, na ile grisi ya kupitishia joto juu ya prosesa imekauka ikawa kama chaki. Kufungua faili la squashfs huifanyisha prosesa kazi nzito bila kupumzika, na mashine ambayo haikuonyesha shida wakati wa kusoma barua pepe ikaganda hapo au ikazima yenyewe. Kwa intaneti ya simu ninayoieleza hapa chini, sakinisha lm-sensors na uandike sensors wakati kazi inaendelea. Ukiona inakaribia nyuzi 100, umepata jibu. Puliza vumbi, ukiishikilia feni isizunguke ovyo kwa upepo huo, na grisi mpya mwachie fundi kama hujawahi kuifungua kompyuta mpaka ndani.

Mwisho diski. Pata kwanza intaneti, na kwa kuwa Wi-Fi haipo, tumia simu: ichomeke kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio yake ruhusu kugawa intaneti kwa USB. Kwa simu za Android, Linux huuona waya huo kama kadi ya mtandao ya kawaida, bila draiva ya kutafuta. Andika sudo apt update, halafu sudo apt install smartmontools, kisha sudo smartctl -a /dev/sda. Utapata jedwali refu. Usiishie kwenye neno PASSED lililo juu, diski nyingi hufa zikiwa bado zinalitangaza. Tazama safu ya mwisho, mstari wa 5 unaoitwa Reallocated_Sector_Ct, na wa 197 unaoitwa Current_Pending_Sector. Mstari wa 197 ukiwa zaidi ya sifuri, kuna sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Wa 5 ukiwa unapanda kila ukipima, diski inaisha. Lakini ukipanda ule wa 199, UDMA_CRC_Error_Count, usikimbilie kubadilisha diski. Hilo ni kosa la njia kati ya diski na kompyuta, na kuichomoa na kuichomeka vizuri kunaweza kutosha. Ikibidi kununua, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5. Tundu la SATA la laptopu ya miaka hiyo huipokea bila shida, na hakuna badiliko lingine litakaloifanya mashine hii iwe nyepesi kama hilo.

Ukishafika hapo bila kosa, yaliyobaki ni mepesi.

Kioo cheusi: kwanza zima taa za chumba, washa kama kawaida bila njia ya akiba, na umulike kioo kwa tochi kwa karibu. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo na kilichozimika ni taa ya nyuma ya kioo. Kama hakuna kitu, ni draiva ya kadi ya picha. Keneli huchukua usimamizi wa kioo mapema sana, na kwenye kadi za zamani huweza kuchagua hali isiyofaa. Kwenye menyu bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na linux, na mwishoni mwake ongeza nomodeset, kisha bonyeza Ctrl na X. Ndicho hasa kinachofanywa na ile njia yako ya akiba, na ndiyo sababu maandishi yalikuja makubwa: kadi inaendeshwa kwa uwezo wa chini kabisa. Itumie kusakinishia tu. Watu wengi huiacha humo milele, halafu wanalalamika kwamba video zinakatakata.

Baada ya kusakinisha, andika lspci -nnk | grep -A3 VGA uone kadi ni ya nani. Ikiwa ni Intel ya enzi hizo, jaribu kuweka video=SVIDEO-1:d mahali pa nomodeset. Kadi hizo wakati mwingine huamini kuna televisheni imeunganishwa, zikapeleka picha huko, na maneno hayo huliziba tundu hilo ambalo halipo. Ikiwa ni ATI, sakinisha kifurushi cha faimwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Kwenye Debian, mojawapo ya aina za Linux, kinaitwa firmware-amd-graphics. Ikiwa ni Nvidia ya familia ya GeForce 8 au 9, baki na draiva huria ya nouveau. Draiva ya 340 ya watengenezaji wenyewe iliachwa kuhudumiwa mwishoni mwa 2019, na kuilazimisha kwenye keneli mpya ni kujitafutia usiku wa bure. Kinachokubali kiandike kwenye faili la /etc/default/grub, katika mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha sudo update-grub.

Wi-Fi: anza na rfkill list. Ukiona Hard blocked: yes, tafuta swichi ndogo ubavuni mwa laptopu au kitufe chenye alama ya mnara. Swichi hizo zilikuwa za kawaida wakati huo, na zimewapotezea watu siku nzima wakitafuta draiva. Kama si hiyo, andika lspci -nn | grep -i network. Mabano ya mwisho yakianza na 14e4, kadi ni ya Broadcom. Draiva yake imo kwenye keneli, lakini faimwea yake haikuruhusiwa kusambazwa pamoja na Linux, na ndiyo maana Windows iliiona na Linux ulizojaribu hazikuiona. Ukiwa na intaneti ya simu, kwenye Debian washa sehemu ya contrib katika orodha ya vyanzo vya programu, andika sudo apt install firmware-b43-installer, kisha uwashe upya. Baadhi ya kadi za Broadcom hupendelea broadcom-sta-dkms. Jaribu moja, ikishindikana iondoe kabisa ndipo uweke ya pili, kwa kuwa zikiwa pamoja hugombania kadi moja na hakuna inayofanya kazi.

Kuhusu aina ya kuchagua, prosesa yako ni ya biti 64, kwa hiyo Debian 13 yenye mandhari ya LXQt au Xfce inakufaa. Wasomaji wenye Core Duo isiyo na ile 2 wajue kwamba yao ni ya biti 32, na Debian 13, iliyotoka 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Wabaki na Debian 12 au waende antiX, Linux nyingine iliyo nyepesi. Nawe jiepushe na Red Hat Enterprise Linux 9 na zinazotokana nayo, maana zinadai maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haina. Ukilazimika kubaki na kipande kimoja cha RAM cha GB 1, chukua antiX mpaka upate kingine.

Siku ya kusakinisha, kwenye ile menyu futa maneno quiet na splash katika mstari wa linux ili uone kinachoendelea badala ya picha ya kusubiri. Ikikwama, ipige picha mistari ya mwisho kabla ya kuzima, uniandikie tena ukiniambia inasemaje. Kisakinishi kikiuliza GRUB (programu inayoanzisha Linux) iwekwe wapi, fungua dirisha la amri, andika lsblk, na uchague ile ya GB 160. Fleshi nayo huorodheshwa hapo, na mara nyingine ndiyo hujiita sda. Ukikuta baadaye kwamba laptopu inawaka tu fleshi ikiwa imechomekwa, hujaharibu kitu. Washa nayo, ingia kwenye mfumo mpya, andika sudo grub-install ukifuatisha jina la diski ya GB 160, halafu sudo update-grub, kisha uchomoe fleshi na kuwasha upya.